Mwenye Gari

Reli ilipokwisha kupita Morogoro ikasonga mbele kuelekea Kilosa, mkandarasi Mgiriki naye alihama na mahema yake, wapishi wake, na wanawake wake wawili ambao mji haukupata kujua nani mke na nani dada. Vitu vizima alivichukua. Vibovu aliviacha, na katika vibovu hivyo yalikuwamo magari ya mbao ya magurudumu mawili, yaliyobeba kokoto mpaka yakapinda migongo kama vikongwe. Morogoro ng'ombe hawakai, mbung'o huwamaliza. Kwa hiyo gari husukumwa na binadamu, na binadamu hawakuwa haba.

Stambuli alipata moja. Mwenyewe alisema alipewa zawadi kwa utumishi mwema. Wengine walisema Mgiriki alipoamka asubuhi ya safari alikuta magari yamepungua. Tuyaache hayo. La muhimu ni kwamba tangu siku ile Stambuli hakuwa tena Stambuli wa kuosha sufuria za Mgiriki. Alikuwa mwenye gari. Akisalimiwa njiani hujibu kwa kidevu.

Na alilitunza, usimdhulumu. Mbao zilizooza alizing'oa akatia za mninga. Pete za chuma za magurudumu alizipeleka kwa mhunzi zikakazwa upya. Mhimili wa chuma ulikuwa umepinda, akautupa, akachonga wa mti wa mkongo kwa mkono wake. Kisha akalipaka rangi ya samawati iliyotoka stesheni bila stesheni kuulizwa. Mkewe Asha alikuwa akiwaambia majirani, "Mume wangu angenipaka mimi mafuta kama anavyolipaka lile gari, leo ningekuwa na ngozi ya mtoto mchanga."

Lakini lilikuwa likilia. Huo mhimili wake haukuwa duara kamili, ulikuwa na tumbo upande mmoja, na Stambuli hakuwa mtu wa kuambiwa kazi yake ina tumbo. Akilipaka mafuta ya nazi, linalia. Mafuta ya mkia wa kondoo, linalia kidogo. Mteja akiwa sokoni hujua mzigo wake ndiyo kwanza unatoka stesheni.

Alasiri wenye magari wote walikuwa kwenye baraza ya Stambuli. Nyumba ile haikujua kuwa tupu. Asha alikaanga vitumbua, kahawa ikazunguka, na mtu yeyote aliyepita njiani alisemwa kabla kivuli chake hakijafika kona. Hapo alikaa Dadi, mzee wa maneno, ambaye gari lake lilishikana kwa kamba tu. Hapo alikaa Yunusi, ambaye gurudumu lake moja lilikuwa kubwa kuliko la pili, kwa hiyo gari lake lilitembea kama mtu anayechungulia dirishani.

"Dadi," Stambuli alikuwa akimwambia, "lile ni gari au kitanda cha kamba?"

"Kitanda, ndugu yangu. Mizigo yangu hufika imelala usingizi. Yako hufika imekuwa viziwi."

Watu walicheka, na Stambuli alicheka kuliko wote, maana mwenye nyumba ndiye mwenye kicheko. Lakini neno lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Gari moja tu halikuja barazani. Lilikuwa la Benedikto, Mluguru wa upande wa misheni, kijana mfupi asiye na maneno, aliyelima kabichi huko juu mlimani na mkewe Rosa. Gari lake lilitupwa na mapadre likiwa limekatika. Yeye akaliokota, akauchonga mhimili mpaka ukawa duara kama mchi, akavisha vitovu vya magurudumu ngozi ya nyati kwa ndani, na kila asubuhi akalitia mafuta ya nyonyo aliyoyakamua Rosa. Lilishuka mlimani na kabichi, likapita katikati ya mji kama paka. Unageuka, liko mgongoni mwako, na Benedikto anasema, "Shikamoo, mzee, nipishe kidogo."

Mambo yangeendelea hivyo, kuchekana na kusemana, kama akida asingekuwa na binti wa kuoza.

Akida wa mji, mtu wa pwani aliyewekwa na Wadachi, alisimama sokoni akatangaza kwamba binti yake Mwaisha hatakwenda kwa mumewe Msamvu kwa miguu, wala kwa machela kama mgonjwa. Atapanda gari. Na gari litakalomchukua bibi harusi, akasema, ndilo litakalobeba tangu siku hiyo mizigo yote ya akida na ya boma kutoka stesheni. Mengine yatagawana vinavyobaki.

Barazani jioni ile vitumbua vililiwa bila kutazamwa.

"Litakuwa la Benedikto," alisema Dadi. "Hilo halina mjadala. Bibi harusi hawezi kwenda kwa mume gari likilia kama mbuzi wa Idi."

"Watu watadhani kachinjwa kabla ya siku," akadakia Yunusi.

Wakacheka. Stambuli hakucheka. Na Stambuli akinyamaza kwenye baraza yake mwenyewe, jua kuna mtu wa kuumia.

Alijaza kikombe cha Dadi. Akajaza cha Yunusi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua, "Hivi gari la mbao linawezaje kutolia?"

"Mafuta," Yunusi akasema.

"Mafuta gani? Mimi nimetia ya nazi, nimetia ya kondoo. Wewe umetia ya ufuta. Magari yetu yanalia. Lake halilii. Basi ni mafuta gani hayo ambayo sisi hatuna na yeye anayo?"

"Mimi sisemi kitu," Stambuli akaendelea. "Nauliza tu. Misheni wanafuga nini kule bandani?"

"Astaghafirullah," alisema Dadi, akaweka kikombe chini. Lakini macho yake yaling'aa, maana neno lilikuwa tamu, na mzee yule alikuwa hajapata neno tamu kama lile tangu Mgiriki ahame.

Ukitaka habari ifike Msamvu kabla yako, mwambie Dadi ni siri. Kesho yake adhuhuri mji mzima ulijua kwamba gari la Mkristo linakwenda kimya kwa sababu limetiwa mafuta ya nguruwe. Wanawake walimwaga mchele uliobebwa juu yake. Waliokwisha kuula walikwenda kutapika nyuma ya nyumba, wengine kwa kweli, wengine kwa kuonekana. Stambuli alikuwa akisikiliza kila aliyemletea habari ile kama mgeni, akijipiga paja kwa mshangao. "Usiniambie!"

Ila kulikuwa na jambo ambalo Stambuli hakulifikiria, au alilifikiria akalipita. Mwezi uliotangulia mama yake muuza mchele mmoja, Salum, alifia kwa ndugu zake njia ya Ngerengere, na Benedikto ndiye aliyemleta mjini kuzikwa. Hakutaka kulipwa. Alilisukuma lile gari na jeneza juu yake kutwa nzima, taratibu, na Salum alimlilia begani mbele ya watu, akamwita ndugu.

Sasa Salum alikwenda kwa shehe kuuliza kama mama afukuliwe aoshwe upya. Shehe alimwambia maiti aachwe apumzike. Salum hakuweza kupumzika yeye. Watu walimwona kaburini akimimina maji juu ya udongo mara saba, moja ya maji yaliyochanganywa na mchanga, kama chombo kilichonajisika kinavyotoharishwa, huku akinena peke yake. Alipotoka pale alikuja sokoni moja kwa moja na kibati cha mafuta ya taa.

Benedikto alikuwa akipanga kabichi. Alipoona umati aliinua mikono.

"Ni nyonyo," alisema. "Jamani, ni nyonyo, Rosa anakamua nyumbani, njooni mwone." Akachovya kidole kwenye kitovu cha gurudumu, akakilamba. "Onjeni wenyewe!"

"Yeye hula nguruwe," Yunusi alipaza sauti, "atamtambuaje?"

Kicheko kikapasuka, na baada ya kicheko hakuna maneno yanayofaa kitu. Benedikto alipigwa, si sana, kiasi cha kumwondoa njiani. Gari likamwagiwa mafuta ya taa na kabichi zake zikiwa juu. Liliwaka vizuri, mbao zilizotunzwa huwaka vizuri. Stambuli alikuwapo na ndoo ya maji, akizuia cheche zisifike kwenye vibanda. Hata alimpa Benedikto mkono akainuka, akamwambia, "Pole, mwanangu. Watu ni wabaya."

Benedikto alikwenda kwa padre. Padre alimwambia asamehe. Padre hakuwa na gari.

Hapo mji ulipata wazimu mpya. Kama gari lililo kimya ni najisi, basi gari safi ni lile linalolia. Hata mtoto angefikia hapo. Likipita gari watu walitega sikio. Likiwa na sauti ndogo watoto walilirushia mawe, wenye mizigo wakageuza uso. Dadi alikwangua vitovu vya gari lake kwa kisu, akavisugua kwa majivu mpaka kitanda chake cha kamba kikaimba. La Yunusi lilitoa sauti mbili, moja kila upande. Na gari la Stambuli, lile lililochekwa mwaka mzima, likawa ndilo imamu wao. Asubuhi likitoka stesheni wanawake waliitana, "Lisikie hilo! Hilo ndilo gari lenye dini."

Akida alilichagua mbele ya watu wote. Stambuli alirudi nyumbani akiwa haioni ardhi anayoikanyaga.

Lakini mwenye gari hulijua gari lake kama mtu anavyolijua jino lake. Mhimili ulikuwa unaliwa. Kila jioni chini ya vitovu alikuta unga wa mti, mwekundu, laini kama tumbaku ya kunusa, na akitia mkono mti ulikuwa na joto la mwili wenye homa. Aliuchonga mwenyewe ule mkongo. Sasa alikuwa akiutafuna mwenyewe.

"Lipake kidogo tu," Asha alimwambia. "Mafuta ya nazi. Nani atajua?"

"Litapunguza sauti."

"Na likipunguza?"

"Wataniuliza nimelipaka nini, mwanamke! Utawajibu wewe?"

Asha alimtazama. "Si ungewajibu kwamba hata mafuta ya nazi hupunguza sauti ya gari, bila nguruwe?" Kisha akaenda zake jikoni, maana alijua alichosema.

Siku hizo Benedikto, asiye tena na gari la kushushia kabichi zake, alikuwa mjini bila kazi, na asiye na kazi wala jina la tajiri hukamatwa na askari akapelekwa mashamba ya mpira ya Wadachi. Stambuli alimwita. Akampa kazi ya kusukuma. Watu wakasifu huruma yake, na yeye akasifika. Tuseme kweli, alimhitaji: gari lisilo na mafuta ni zito kama deni la mahari, wasukumaji wake walianza kukimbia, na hapakuwa na mtu mjini aliyejua kushika gari mteremkoni kama yule Mluguru. Lakini tuseme kweli zaidi: ilimpendeza. Asubuhi ya kwanza alimpeleka kisimani, mbele ya wanawake wenye ndoo, akamwambia anawe mikono mara saba, moja kwa udongo, kabla ya kuligusa gari.

"Vizuri, vizuri, katikati ya vidole," Stambuli alisema. "Bibi harusi atapanda hapa."

Benedikto alinawa. Alipomaliza aliuliza, "Nimetakata, mzee?"

"Kwa kazi hii, ndiyo."

Wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika.

Siku ya harusi gari lilitandikwa mikeka na kanga mpya, Mwaisha akapandishwa amefunikwa gubigubi, na somo yake Pili, mwanamke wa kilo zake, akapanda kumshika mkono. Ngoma mbele, vigelegele pembeni, akida na kanzu yake nyuma. Stambuli alitembea ubavuni mwa gari, mkono juu ya ubao, kama mtu aliyeoa yeye. Na gari lililia, ndugu yangu! Lilizidi tarumbeta. Watu walitoka majumbani wakishangilia ule mlio wenyewe, na Stambuli aliinua kidevu kwa kila upande.

Walipofika pale njia inapotelemka kwenye korongo kabla ya Msamvu, Benedikto aliyekuwa ameshika mikono ya gari alisema chini kwa chini, "Mzee. Tusimame."

"Sukuma."

"Linatoa moshi."

Stambuli alitazama. Kwenye kitovu cha kushoto uzi mwembamba wa moshi ulikuwa ukipanda, na harufu ya mkongo unaoungua ilianza kushindana na udi.

"Mwaga maji," Stambuli akanong'ona.

"Maji yatauvimbisha mti, utang'ang'ania, utakatika. Mafuta, mzee. Hata ya nywele. Huyo bi Pili ana chupa ya mafuta ya nazi mkobani, naiona. Kijiko kimoja tu na tutafika."

Kijiko kimoja. Stambuli alitazama nyuma. Alimwona akida. Alimwona Salum, macho mekundu, amekuja kula wali wa watu bila kucheka. Alimwona Dadi ametega sikio, kichwa upande, akilisikiliza gari kama anavyosikiliza ndoa za watu. Kutia mafuta mbele ya wote hawa, gari linyamaze na bibi harusi akiwa juu!

"Nimekwambia sukuma, nguruwe wewe."

Benedikto alisukuma.

Lilikatika katikati ya mteremko. Lilitoa mlio mmoja ambao halijapata kuutoa, gurudumu la kushoto likaondoka peke yake kwenda korongoni kama lililokumbuka shughuli, na gari likapiga ubavu. Mwaisha aliruka na kanga zake akaangukia mawe, na Pili, maskini, akamwangukia mguuni. Wote walisikia mfupa. Baada ya ule mfupa ngoma zilinyamaza moja moja, kila mpigaji kwa wakati wake.

Upande wa bwana harusi walikuja mbio kutoka Msamvu. Walimtazama mtoto wa watu analia mavumbini, wakateta pembeni, kisha mjomba mmoja akaja kumwambia akida, kwa adabu zote, kwamba bibi harusi aliyeanguka njiani ni kisirani, na wao watangoja. Mpaka leo wanangoja. Kijana alioa Kilosa.

Kesho yake asubuhi wote waliitwa boma. Bwana Mkubwa Mdachi alikuwa amekaa kivulini na kofia yake magotini, akida kasimama kando akitafsiri, uso kama wa mtu aliyemeza jiwe. Uani askari alikuwa ameshika kiboko, anakinyoosha kwa vidole kukilainisha. Gari lenyewe waliliburuza usiku mpaka uani kwa Stambuli, lakini kipande cha mhimili kiliwekwa pale mbele ya bwana, cheusi, kimeliwa nusu.

Mdachi alikigeuza kwa buti. Alisema maneno machache.

"Bwana anasema," akida alitafsiri, "chombo kilichooza namna hii mwenyewe alikijua. Mwenye gari atapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Nani mwenye gari?"

Watu wote waliokuwa uani waligeuza shingo kumtazama Stambuli. Na Stambuli, ambaye mwaka mzima alikuwa hasemi "nakwenda stesheni" ila "nalipeleka gari langu stesheni", alikitazama kile kiboko, akausikia mgongo wake mwenyewe chini ya kanzu, jinsi ulivyo laini.

"Si langu," alisema.

Akida alifumba macho, akafumbua. "Stambuli."

"Lilikuwa langu, bwana akida, sikatai. Lakini nilimpa Benedikto. Lake lilipoungua nilimwonea huruma, nikampa hili mkono kwa mkono, liwe lake yeye na watoto wake. Siku ya harusi mimi nilikuwa nasindikiza tu. Na mashahidi ninao."

Aligeuka. Dadi alikuwa pale. Dadi alikula kwenye baraza ile tangu Mgiriki alipohama, na alijua fika kwamba mwenye gari akichapwa leo, kesho bwana atayakagua magari yote, na lake limefungwa kwa kamba.

"Nilikuwapo," alisema Dadi. "Alimpa. Nikasema moyoni, hakika huyu ni mtu mkarimu."

"Nami nilikuwapo," akasema Yunusi.

Salum alikuwa anatazama chini. Alipoulizwa hakuinua kichwa. "La Benedikto," alisema.

Akida alijua. Mtu aliyelichagua gari la Stambuli mbele ya mji mzima angekosaje kujua? Lakini ndiyo sababu yenyewe: kama gari ni la Stambuli, mjinga ni aliyelichagua. Kama lilikuwa la Mkristo kwa siri, akida alidanganywa tu, na kudanganywa si aibu. Akatafsiri.

"Na wewe Benedikto? Gari ni lako?"

Benedikto alikuwa amesimama peke yake, na watu wamemwachia nafasi pande zote. Alianza kusema si langu. Midomo yake iliumba lile neno. Kisha alimtazama Dadi, akamtazama Yunusi, akamtazama Salum ambaye hakumtazama. Mwisho alimtazama Stambuli kwa muda mrefu, na Stambuli akapata shughuli na kishikizo cha kanzu.

"Mzee Stambuli amesema amenipa," Benedikto alisema polepole. "Wazee wamesema wameona. Basi bwana na asikie na mimi: nimepokea. Gari ni langu."

Stambuli alishusha pumzi. Alifurahi hata akamwona kijana yule ana akili ya kujua kwamba ubishi ungemwongezea viboko.

Walimlaza kifudifudi. Sitasimulia, aliyeona kiboko hahitaji kusimuliwa, na asiyeona asitamani. Stambuli alisimama mpaka mwisho kwa sababu askari hakuruhusu mtu kuondoka, na kila fimbo ilipotua alijikuta anabana makalio, kisha anakumbuka si yeye. Benedikto alilia kama watu wote. Rosa na kaka zake wawili walimchukua kwa machela wakampandisha mlimani.

Baraza ilijaa siku zile kuliko wakati wowote. Mwanzoni walizungumza chini chini. Siku ya pili Dadi aliigiza namna Pili alivyoruka kutoka garini, na kicheko kikarudi nyumbani kwake. Stambuli alikuwa ameshapata gogo jipya la mkongo, limelazwa kando ya gari uani, na alisema mhimili huu sasa atautengeneza polepole, na mafuta atalitia bila kificho, maana baada ya balaa lile nani atathubutu kusema? Akida alikuwa bado hana gari jingine. Mambo yangerudi.

Alikuwa na kitumbua mdomoni Benedikto alipotokea kwenye kona. Alitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Nyuma yake Rosa, na nyuma ya Rosa kaka zake wawili wenye vifua vya kupasua kuni.

"Shikamooni wazee," Benedikto alisema.

"Marahaba, marahaba," wakaitikia. Stambuli alimeza. "Karibu, mwanangu. Keti."

"Siwezi kuketi, mzee. Unajua." Alitabasamu, na ule ukimya wake wote wa zamani ulikuwa umekwenda sijui wapi. "Nimekuja kuchukua gari langu."

"Gari lako?" Stambuli alicheka, akageuka kuwatafuta wenzake wacheke naye. "Benedikto, mwanangu, yale ya boma yalikuwa ya boma. Tulikuwa tunaokoana."

"Aliokolewa nani?" Rosa aliuliza.

Kaka zake walikuwa wamekwisha kuingia uani.

"Dadi!" Stambuli alisimama, vitumbua vikamwagika. "Mwambie! Yunusi! Ninyi mnajua gari ni la nani!"

Dadi alikunywa kahawa yake. Akaifuta midomo. Hali ya barazani ilikuwa imegeuka, na mzee yule alikuwa hodari wa kunusa upepo. Tena neno lililokuwa likija sasa lilikuwa tamu kuliko hata lile la nguruwe.

"Mimi najua nilichokisema mbele ya Mdachi," alisema. "Ulimpa. Mkono kwa mkono, yeye na watoto wake. Hakika wewe ni mtu mkarimu."

"Nitakwenda boma!"

"Nenda," alisema Yunusi. "Ukamwambie bwana ulimdanganya. Mgongo wako bado mpya."

Mmoja akaangua kicheko, sijui nani, kisha wa pili. Kikazagaa barazani pote, kikatoka mpaka njiani, na waliokuwa wakipita wakasimama kuuliza kuna nini, wakaelezwa, nao wakacheka. Stambuli alisimama katikati ya baraza yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza kicheko hakikuwa chake.

"Na kamba ya kufungia mizigo, mzee," Benedikto alisema. "Gari langu lilikuwa na kamba."

Asha ndiye aliyekwenda ndani. Alirudi na kamba, na nyundo, na kopo la rangi ya samawati lililobaki nusu, akavikabidhi mikononi mwa Rosa bila kumtazama mumewe.

"Hilo gogo la mkongo nalo nadhani ni la gari," alisema Asha. "Halina kazi nyingine hapa."

Uani wale kaka wawili walikuwa wameinua upande wenye gurudumu, lakini upande wa pili uliburuza chini, mzito, na Benedikto hakuweza kuinama.

"Mzee Stambuli," aliita. "Njoo ushike hapa nyuma. Tufikishe njiani tu."

Stambuli hakusogea. Kisha aliona watu wote barazani wametulia, vikombe mikononi, wakingoja waone, na akatambua kwamba wasipoliona hilo hawataondoka. Akakunja mikono ya kanzu. Alishuka uani, akaingiza mabega chini ya ubao wa mninga aliougongelea mwenyewe, akainua.